Saa ya Kishikwambi

Kila jioni kengele ya mwisho ilipolia, wenzake walikimbilia nje, lakini Shufaa Makame alikwenda kwanza ofisi ya walimu. Huko kulikuwa na kabati la chuma, na ndani ya kabati kulikuwa na darubini ya shule. Ufunguo wa kabati hilo alikuwa nao yeye. Aliufunga kwa uzi mwekundu akauvaa shingoni, juu ya sweta, mahali ambapo kila mtu angeuona. Chini ya sweta hakuuweka hata siku moja.

Shufaa alikuwa darasa la sita katika shule moja ya Ilomba, jijini Mbeya. Kazi aliyopewa ilikuwa ndogo: kufuta vumbi, kuchomeka darubini na kishikwambi chake kwenye umeme, na kufunga kabati. Lakini alitembea shuleni kana kwamba amekabidhiwa benki. Akiulizwa jambo dogo tu, alishika kwanza ufunguo, ndipo ajibu.

Darubini yenyewe haikufanana na zile za kwenye vitabu. Ilikuwa kiboksi cheupe, kikubwa kidogo kuliko tofali, chenye mkono mmoja unaojiinua wenyewe. Haikuwa na tundu la kuchungulia. Siku ilipoletwa, zawadi kutoka kwa mwanafunzi wa zamani anayefanya kazi nje ya nchi, mkuu wa shule aliinama akaizunguka mara mbili akitafuta pa kuweka jicho. Watoto walimwacha azunguke. Kumbe picha ilitokea kwenye kioo cha kishikwambi, kubwa na yenye mwanga, watu wengi wakatazama pamoja.

"Hii inaitwa darubini janja," Mwalimu Lutengano, mwalimu wa sayansi, aliwaambia watoto wa klabu yake. "Lakini msiogope hilo jina. Ujanja wake una mpaka. Kwanza iwekeni juu ya sakafu ngumu, siyo kwenye majani wala udongo laini. Pimeni stendi mpaka hili tone la hewa likae katikati ya duara, kama fundi anavyofanya na pimamaji. Itoeni nje mapema izoee baridi. Unganisheni kishikwambi na waifai yake yenyewe, haitaki bando. Na mchana, kichujio cha jua kisitoke kwenye lenzi. Jua likiingia mle bila kichujio, tumekwisha."

Kisha akainua kishikwambi juu.

"Jambo la mwisho. Darubini hii haijui iko wapi, wala haijui ni saa ngapi. Inakiuliza kishikwambi. Na kishikwambi hiki hakina laini, kwa hiyo kinamuuliza nani?"

"Sisi!" watoto wakajibu.

"Ninyi. Mkikidanganya kishikwambi, nacho kitaidanganya darubini, nayo itawadanganya watu wote waliokuja kutazama. Yenyewe haitakuwa na kosa."

Aliyekuwa akisikiliza kwa makini kuliko wote ni Dastan. Alikuwa mtoto wa Kihehe kutoka Kilolo, mkoani Iringa, na kazi yake ilikuwa kubeba stendi na kuipima. Kwao shule ilikuwa mbali na walimu wachache, ndiyo maana mama yake alimleta Ilomba kwa mdogo wake, Rozalia, muuza viazi na njegere sokoni. Rozalia alimpokea, lakini alimwekea sharti mlangoni, mfuko wake wa nguo ukiwa bado begani.

"Hapa unasoma," alimwambia. "Mimi sina mume wa kunisaidia kulea. Siku nikiitwa shuleni kwa ajili yako, siku hiyo hiyo unapanda basi, unarudi kwa mama yako. Umesikia?"

Dastan alisikia. Shule nzima ilijua sharti hilo, maana Dastan mwenyewe alilisimulia akicheka. Shufaa naye alilijua. Jambo hilo, wewe unayesoma, usilisahau.

Nyumbani kwa kina Shufaa, nyuma ya duka la vyombo la baba yake, Mzee Makame, aliishi bibi yake, Mwanaidi. Bibi alizaliwa Kilwa, ndoa ikamleta kwenye baridi ya Mbeya, na baridi hiyo aliilalamikia mpaka uzeeni. Siku hizi alikuwa na jambo jingine la kulalamikia. Macho yake yalikuwa yanafunga. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi. Kitu kikubwa chenye mwanga kikiletwa karibu na uso wake alikiona. Vingine vyote vilikuwa ukungu.

"Nilipokuwa msichana, mwezi ukiandama mimi ndiye niliyekuwa nauona wa kwanza mtaani," alimwambia Shufaa. "Wazee wazima walikuwa wananiuliza mimi, 'Mwanaidi, uko wapi?' Sasa nakaa hapa nasubiri redio iniambie."

"Bibi, mimi nitakuonyesha kwenye kioo," Shufaa alisema. "Mkubwa kama sinia."

Maneno hayo yalifika kwa Mwalimu Lutengano, naye akaona ni jambo jema. Jioni ya kuutafuta mwezi wa Mfungo Tatu, ule unaohesabiwa kujua siku ya Idi Kubwa, darubini ingewekwa uwanjani. Wazee wa msikiti walialikwa. Si kwa ajili ya kutangaza mwezi, maana kutangaza kuna wenyewe, bali kutazama tu. Jirani Wakristo nao walisema watakuja. Shufaa ndiye angeiongoza darubini, na Dastan angeshika stendi.

Wiki ile Shufaa hakukaa chini. Kila mapumziko alitoa kishikwambi kabatini, akawaonyesha rafiki zake picha za mwezi wa zamani, akakirudisha bila kukichomeka kwenye umeme.

"Umechaji kishikwambi?" Dastan alimuuliza.

"Wewe shika stendi yako," Shufaa alijibu.

Siku yenyewe ilipofika, jioni, alifungua kabati akakuta kioo cheusi. Kishikwambi kilikuwa kimezimika kabisa. Alikichomeka haraka, akasubiri, kikawaka. Lakini kilidhani ni tarehe mosi Januari, usiku wa manane. Kiliuliza tarehe, akaandika. Kiliuliza saa. Shufaa alitazama saa ya ukutani. Akaisoma kama alivyofundishwa na mama yake tangu mdogo, kama anavyosoma kila mtu Ilomba: saa kumi na moja na dakika arobaini na tano. Akaandika 11:45, akabonyeza sawa, akatoka mbio.

Uwanjani watu walikuwa wameshafika. Upepo wa baridi ulishuka kutoka Mlima Loleza, na wazee walijifunika makoti juu ya kanzu. Bibi Mwanaidi aliletewa kiti cha plastiki, amejitanda kanga mbili na blanketi. Mwalimu Lutengano alikuwa huku na huku akiwapanga watu. Rozalia pia alikuja, bado amefunga aproni ya sokoni, akamwona mtoto wa dada yake amepiga magoti kwenye sementi akipima stendi, na kwa mara ya kwanza watu walimwona akitabasamu kwa sababu ya Dastan.

Watoto wadogo walisukumana mbele. Dastan alinyoosha mikono kuwazuia, akarudi nyuma hatua moja, na kisigino chake kikagusa mguu wa stendi. Alipiga magoti tena papo hapo, akapima, tone la hewa likarudi katikati. Shufaa aliona yote mawili: kugusa na kupima.

Jua lilizama. Upande wa magharibi anga liligeuka rangi ya chungwa, na moshi wa mashamba ulikaa chini yake. Shufaa alichagua neno Mwezi kwenye kioo. Darubini ikainua mkono wake polepole, watu wakasema "aaah", ikageuka kaskazini, ikatazama juu, juu kabisa ya Mlima Loleza.

Kwenye kioo yakatokea maandishi mekundu.

"Inasema tuweke kichujio cha jua," Dastan alisoma. "Inasema mwezi uko karibu na jua. Shufaa, jua si limeshazama?"

"Bonyeza sawa."

"Halafu mbona imegeukia Loleza? Mwezi mchanga si unakaa magharibi?"

"Mashine inajua kuliko wewe," Shufaa alisema kwa sauti, ili wazee wasikie. Akabonyeza mwenyewe.

Kioo kilionyesha anga tupu. Alijaribu tena. Anga tupu. Mwalimu Lutengano alikuja, akatazama waya, akatazama tone la hewa, akazima darubini na kuiwasha. Saa hakuiona, maana programu ya darubini ilikuwa imejaza kioo chote. Mkono ukainuka, ukageuka pale pale, juu ya Loleza. Mzee mmoja alisema anaona huko magharibi kitu kama uzi, mwenzake akasema ni moshi. Rangi ya chungwa ikafifia. Watu wakaanza kupiga miayo.

"Vipi, mjukuu wangu?" Bibi aliuliza. Alikuwa amekiinamia kishikwambi mpaka pua inakaribia kugusa kioo. "Mimi sioni kitu. Au ni macho yangu?"

Swali hilo lilimchoma Shufaa mbele ya watu wote. Alitafuta mtu wa kumpa aibu ile, na mtu alikuwa karibu.

"Si macho yako, Bibi. Dastan amegonga mguu wa stendi. Ameharibu vipimo."

"Nimegusa kidogo tu, nikapima tena!" Dastan alisema. "Mwalimu, tazama, tone liko katikati!"

Lakini watu walikwisha kunyanyuka, na watu wanaonyanyuka na baridi miguuni hawasikilizi. Walichosikia ni kwamba mtoto fulani amegonga mashine. Tabasamu la Rozalia lilikwisha. Alikaza aproni yake, akaondoka bila kumngoja.

Mpaka hapo Shufaa hakuwa amesema uongo, au labda nusu tu. Alidhani huenda ni kweli. Uongo wenyewe ulikuja baadaye kidogo, ofisini, aliporudisha vyombo kabatini. Alifunga programu ya darubini, na juu ya kioo akaona saa. 13:40.

Saa kumi na tatu? Alicheka kidogo, maana hakuna saa kumi na tatu. Kisha akatazama dirishani. Nje kulikuwa giza, taa za malori ya Tunduma zikipita barabarani. Kicheko kikakauka. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua likishachomoza. Mashine huanza katikati ya usiku. Saa kumi na moja na dakika arobaini na tano ya jioni, kwa mashine ni 17:45. Yeye alikuwa ameiambia 11:45, kabla ya adhuhuri. Darubini iliamini kwamba ni mchana. Ikaenda kuutafuta mwezi pale ulipokuwa mchana, juu, karibu na jua, ikaonya kuhusu jua kwa uaminifu kabisa. Ilifanya kila kitu sawasawa. Dastan naye alifanya kila kitu sawasawa.

Shufaa alitazama mlango. Hapakuwa na mtu. Akafuta ile 13, akaandika 19. Akafunga kabati, akaushika ufunguo mkononi njia nzima mpaka nyumbani.

Asubuhi redio ilitangaza kwamba mwezi umeonekana. Sokoni wateja walimfuata Rozalia kwenye meza yake ya viazi. "Mama, kijana wako ndiye aliyetuficha mwezi?" mmoja alisema, akicheka. Mwingine akarudia. Ulikuwa utani, lakini utani wa sokoni hurudiwa mpaka unachubua. Na kabla ya saa nne, mkuu wa shule, aliyeona haya mbele ya wageni wake, aliagiza mlezi wa Dastan aitwe.

Mwalimu Lutengano aliwauliza watoto wawili mbele ya Rozalia.

"Shufaa, una uhakika ni mguu wa stendi?"

Shufaa alishika ufunguo. Alijua sharti la Rozalia. Alijua pia kwamba likizo ikifika angeruhusiwa kwenda na darubini nyumbani, na kwamba mtunza darubini asiyejua kuandika saa asingebaki mtunza darubini.

"Ndiyo, mwalimu. Uligongwa."

"Mama mdogo, nilipima tena," Dastan alisema. "Haki ya Mungu nilipima."

"Mimi sijui mambo ya kupima," Rozalia alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nilikwambia nini mlangoni? Twende ukachukue nguo zako."

"Mama Rozalia, hatukukuita kwa hilo," mwalimu alisema. "Tulitaka tu kuongea."

"Mwalimu, ninyi mmeongea. Mimi sokoni naongelewa."

Shufaa alibaki dirishani akiwatazama wakivuka uwanja. Dastan alipita pale kwenye sementi ambapo aliiweka stendi, akageuka mara moja kutazama ofisi. Neno moja tu la Shufaa lingewarudisha. Walikuwa bado hawajafika hata getini. Alijiambia kwamba Rozalia anatisha tu, Jumatatu Dastan atakuwa darasani. Jumatatu dawati lake lilikuwa tupu, na Jumatatu iliyofuata lilikaliwa na mtu mwingine.

Likizo ya Juni ilifika. Shufaa alipewa darubini kama alivyotaka, akaibeba mpaka uani kwao. Baridi ilikuwa kali kuliko mwezi uliopita. Jioni ya mwezi mwandamo wa Mfungo Nne, aliweka stendi kwenye sementi, akapima tone la hewa peke yake, akiinuka na kuinama mara nyingi kwa sababu hapakuwa na wa kumshikia. Saa ilikuwa sahihi. Darubini iligeukia magharibi, juu ya mapaa ya Ilomba, ikatulia. Ikapiga picha, ikazipanga picha juu ya picha, na kwenye kioo ukatokea mwezi: mwembamba, mweupe, umeinama kidogo.

"Bibi! Njoo!"

Bibi Mwanaidi aliletwa na baba yake Shufaa, akakaa, akakiinamia kioo. Kisha machozi yakamtoka bila sauti.

"Ndio huu," alisema. "Jamani, ndio huu. Sikudhani nitauona tena. Mungu akubariki, mwanangu." Alicheka, akajifuta kwa kanga. "Leo imekuwaje mashine imekubali? Mwezi ule ilitukatalia."

"Saa ilikuwa imekosewa, Bibi. Nilirekebisha." Maneno yalimtoka Shufaa kwa furaha, kabla hajayapima.

"Saa?"

Shufaa aliushika ufunguo.

"Saa gani iliyokosewa? Si ulisema ni yule mtoto, aligonga mguu?" Bibi hakunyanyua uso wake kutoka kwenye kioo. "Ulirekebisha lini?"

"Siku ile ile, Bibi."

"Siku ile ile. Kabla mama yake mdogo hajaitwa?"

"Ndiyo."

"Na huyo mtoto sasa yuko wapi?"

"Kilolo. Amerudishwa kwao."

Mzee Makame alikuwa amesimama mlangoni, mkono wake umeganda kwenye kitasa. Bibi Mwanaidi alivuta ncha ya kanga yake, akaifunika juu ya kioo, mwezi ukapotea. Akauegemeza mgongo wake kitini na kufumba macho.

"Kiondoe," alisema.

"Bibi, mwezi utakwenda. Mwezi haukai, utazama sasa hivi."

"Na uende. Nilimsikia siku ile, yule mtoto, akiuliza kwa nini mashine inasema jua. Nikajisemea, mtoto huyu ana akili. Nikasikia na wewe unamnyamazisha. Mimi nimekaa hapa nafurahia mwezi, kumbe umelipiwa na mtoto wa mwenzangu. Kiondoe, Shufaa. Sitazami."

Shufaa alilia, akamshika bibi magoti, lakini Bibi hakufumbua macho mpaka mwezi ulipozama. Mwezi uliofuata ukungu wa macho yake ulikuwa umefunga kabisa. Ule alioufunika kwa kanga ndio uliokuwa wa mwisho kwake kuuona.

Asubuhi baba yake alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya hata kwa msiba wa jirani, wakaenda kwa Mwalimu Lutengano. Shufaa alisema yote akiwa amesimama. Mwalimu alisikiliza, akavua miwani.

"Mwe!" alisema, Kinyakyusa chake kikamtoka. "Na mimi nilitazama waya, nikatazama tone, saa sikuitazama. Mimi niliyewafundisha. Nilitafuta mtoto wa kulaumu kwa sababu mtoto alikuwepo." Alinyoosha kiganja. "Lete ufunguo."

Shufaa aliuvua shingoni. Kutoka hapo walikwenda sokoni kwa Rozalia. Huko Shufaa alirudia maneno yale yale mbele ya wanawake wa viazi, na hakuna aliyecheka. Rozalia alikaa juu ya gunia la viazi.

"Nilimpa nauli akaenda analia," alisema. "Sikumsindikiza hata stendi ya mabasi kwa hasira. Mimi nitamwambia nini dada yangu?"

Wiki iliyofuata walikwenda Iringa, na kutoka Iringa wakapanda hadi Kilolo: mwalimu, Mzee Makame na Shufaa. Darubini nayo ilikwenda. Mwalimu hakusema kwa nini.

Nyumba ilikuwa juu ya mteremko, viazi upande mmoja, njegere upande mwingine. Mama yake Dastan, Esnath, aliwapokea kwa heshima.

"Kamwene," aliwasalimu kwa Kihehe, akawapa viti na chai ya maziwa. Dastan alitoka shambani na jembe begani, udongo mpaka magotini. Alimwamkia mwalimu na Mzee Makame. Alimtazama Shufaa, akaketi juu ya kizingiti.

Shufaa alisimama akasema. Safari hii hakulia, aliona haya kulia mbele yao. Alipofika kwenye saa, Dastan alitikisa kichwa taratibu kukubali.

"Nilijua ni saa," alisema. "Nilifikiria kwenye basi. Ilisema jua, nikajiuliza jua gani, mpaka nikajua. Tulipofika Makambako nilikuwa nimeshajua."

"Kwa nini hukutuambia?" Mwalimu Lutengano aliuliza.

"Sina simu, mwalimu. Halafu nikafikiri Shufaa ataiona mwenyewe akiwasha. Nikafikiri akiiona tu, atasema."

"Niliiona," Shufaa alisema. "Nisamehe, Dastan."

"Haya," Dastan alisema. Haikujulikana kama ni ndiyo au hapana.

Mwalimu aliwaeleza kuwa shule ikifunguliwa Shufaa atasema mbele ya wote, mkuu wa shule naye atasema, na dawati la Dastan litarudi. Rozalia naye aliwatuma waombe arudi. Esnath alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mwanawe, naye akatikisa kichwa tena, safari hii upande kwa upande.

"Harudi," alisema Esnath. "Ameshaandikishwa hapa. Shule yetu unaiona, mwalimu, madirisha hayana vioo. Lakini hapa hakuna aliyemwita mwongo."

Jua lilipozama, mwalimu alimkabidhi Dastan mfuko wa darubini. Dastan alinawa mikono kwanza. Alitafuta jiwe pana la kuanikia mahindi, akaweka stendi, akapima mpaka tone likatulia. Aliwasha kishikwambi, na kabla ya kitu kingine chochote akatazama saa, akailinganisha na simu ya mwalimu. "Kumi na tisa na dakika kumi," alisoma. "Sawa." Mkono ukainuka, ukageuka mahali mwezi ulipokuwa, nusu yake ikiwaka, na kwenye kioo yakatokea mashimo na milima ya mwezi. Esnath aliinama akatazama. Uso wake ukapata mwanga.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Kumbe hiki ndicho ulichokuwa unakifanya kule, mwanangu."

Kisha akainuka, akamgeukia Shufaa. Hakupaza sauti.

"Binti, mimi sikusoma, lakini nisikilize. Kukosea saa si dhambi. Hata mimi ningeiandika hivyo hivyo. Lakini saa ulipoiona imekosewa, uliisahihisha usiku ule ule, ulikuwa na haraka. Mtoto wangu ulimwacha mwezi mzima amekosewa. Siku nyingine, anza na mtu. Saa itasubiri."

Mzee Makame alitazama chini. Mwalimu Lutengano alitazama viazi gizani.

Dastan alizima darubini, akakunja mkono wake, akaifuta umande kwa kitambaa kikavu na kuirudisha mfukoni. Kishikwambi alikishika kitambo kidogo, ndipo akampa Shufaa, maana ndiye aliyekuwa karibu.

"Mkifika mkiweke chaji," alisema. "Msikiache kiishe kabisa. Kikizimika, saa inapotea tena."